Vinywaji vya msimu wa majani kupukutika na mapambo ya nyumba: anza na sufuria

Mama Sufuria (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Miaka mitatu mfululizo, msimu wa majani kupukutika ukikaribia, nilikuwa naingia gharama za bure. Majani ya plastiki, maboga ya sponji, shada la mlangoni linalometameta. Natundika, narudi nyuma hatua mbili kutazama, naona kabisa sebule imegeuka dirisha la duka. Wageni wanaingia, wanakaa, wanaaga. Hakuna aliyewahi kusema neno.

Mwaka wa nne mafua yakanibana. Nikabandika juisi ya tufaha jikoni pamoja na mdalasini, karafuu na chungwa, nia yangu ninywe nikalale. Jirani akaja kurudisha mkasi. Akasimama mlangoni, hata kiatu hajavua: "Humu ndani leo kuna nini?" Shada lilikuwa usawa wa pua yake na hakuliona.

Tangu siku ile msimamo wangu ni mmoja: sufuria kwanza, mapambo baadaye, na mapambo yenyewe kwa sehemu kubwa yatoke kwenye vitu vilevile unavyotia kwenye sufuria. Nitaeleza ninavyofanya, wenye ujuzi zaidi mtaongezea.

Kinywaji. Juisi ya tufaha lita 2, isiyoongezwa sukari, na kama utapata ile isiyo angavu, isiyochujwa sana, ndiyo bora. Vijiti 4 vya mdalasini. Karafuu 8. Tangawizi ukubwa wa kidole gumba, ikatwe vipande, usiitwange. Chungwa moja lililooshwa vizuri, likatwe nusu mbili, na karafuu zote uzichomeke kwenye ganda lake. Hilo la kuchomeka si urembo. Karafuu zikielea zenyewe utazivua moja moja kwa kijiko, utakosa mbili, na mgeni atazitafuna.

Bandika kwenye moto mdogo. Usiache ichemke kwa fujo. Unataka mvuke na vipovu vidogo pembeni tu. Dakika 20 zikipita toa chungwa pamoja na karafuu zake, kwa sababu karafuu zikikaa sana zinaleta uchungu na ule ubaridi wa ganzi kwenye ulimi kama umetoka kwa daktari wa meno. Mdalasini na tangawizi viache dakika 20 nyingine. Chuja, kunywa.

Sufuria iwe ya stili au ya enameli. Juisi ya matunda ina asidi, ukiikalisha kwenye alumini tupu kwa muda mrefu inachukua ladha ya chuma.

Halafu msitupe makapi. Vile vijiti, tangawizi na chungwa virudisheni kwenye sufuria na maji ya kawaida, moto wa chini kabisa. Hiyo ni sufuria ya pili, si ya kunywa, ni ya kunukiza nyumba. Inakwenda mchana kutwa mradi unaongeza maji.

Naomba kuwasilisha.

Kijiko Cha Mwisho

Nimekaa mkao wa kula. Endelea dada.

Mzee wa Chujio

Nakazia hapo kwenye vijiti. Kuna watu watasoma hapa kisha waende kutia mdalasini wa unga kwa kuwa ndio uliopo kabatini. Unga wa mdalasini hauyeyuki. Unavimba, unashika maji, unakwenda kukaa chini ya kikombe kama ute. Kikombe cha kwanza utasema si mbaya. Cha mwisho kinateleza kooni kama konokono, samahani kwa wanaokula.

Kama unga ndio ulionao, ufunge kwenye kitambaa cha kuchujia chenye nyuzi zilizoshikana, ukitoe mapema. Hata hivyo kijiti ni kijiti.

Sina Oveni

Mama Sufuria, juisi ya tufaha sina ila matufaha ninayo, tena yameanza kunywea. Yanafaa?

Mama Sufuria

Yanafaa sana, na yaliyoanza kunywea huwa matamu zaidi, mradi hayajaoza. Kata matufaha kama 10 hadi 12 robo robo, na maganda na mbegu zake zote, usimenye. Yafunike kwa maji, tia viungo, funika, moto mdogo saa mbili. Kisha yaponde humohumo kwa mwiko, chemsha tena nusu saa, uchuje. Usikamue kitambaa kwa hasira, utaingiza rojo. Kitundike kidondoke chenyewe. Sukari au asali weka mwishoni baada ya kuonja, maana kila tufaha lina utamu wake.

Changanya aina mbili kama unaweza, matamu na makali. Ya aina moja yanatoa kinywaji kilichopooza.

Mpenda Kahawa

Mnazunguka tu. Mimi nimekuja kwa ajili ya kahawa ya boga. Nani anayo?

Mkosoaji

Boga kwenye kahawa? Hapana kwa kweli. Boga ni la kupika.

Mzee wa Chujio

Mkosoaji, utacheka. Starbucks, wale wa mikahawa ya Marekani, walipoanza kuuza ile kahawa yao ya boga mwaka 2003, ndani hamkuwa na boga. Boga lenyewe waliliingiza kwenye shira yao mwaka 2015. Miaka yote ile watu walikuwa wanakunywa viungo vya pai ya boga: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Na viungo vya namna hiyo kampuni ya viungo ya McCormick ilishavichanganya kwenye kopo moja tangu 1934 kwa ajili ya wapishi wa pai hiyo. Boga lenyewe halina ladha kubwa ya kupigania kwenye kahawa. Linaleta uzito na rangi.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza kazi aache boga, atie viungo. Mimi boga naliweka, lakini natangaza mapema kwamba ni ubishi wangu tu.

Shira yangu hii hapa. Sukari kikombe 1, maji kikombe 1, boga lililookwa na kupondwa vijiko vikubwa 3, vijiti 2 vya mdalasini, karafuu 4, vipande vitatu vya tangawizi, kungumanga kidogo ya kukwaruza. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15. Chuja kwa kitambaa, si kwa chujio la chai, maana nyuzinyuzi za boga hupita. Vanila matone machache ikiwa imeshapoa. Kwenye chupa safi ndani ya friji inakaa wiki moja bila tatizo. Vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe cha kahawa nzito, maziwa ya moto juu yake.

Boga la kuoka lichaguliwe dogo, zito kwa umbo lake. Yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzi, hayana utamu. Kata nusu, toa mbegu, lilaze uso chini kwenye trei, nyuzijoto 200 kwa dakika 45 au mpaka kisu kiingie bila kusukumwa.

Kungumanga iheshimuni. Kwaruza mara mbili tatu, basi. Vijiko viwili vya chai vya unga wake vinatosha kukulaza kitandani: kichefuchefu, moyo mbio, hata kuona mauzauza.

Mpenda Kahawa

Mzee wewe ni mwalimu. Boga ninalo, naingia jikoni.

Binti Shada

Ngoja niwape aibu yangu. Niliwaalika mashemeji, nikataka kuwatengenezea maziwa ya moto yenye tangawizi na mdalasini, vikombe vimepangwa, majani makavu mezani, mishumaa inawaka. Nimekwaruza tangawizi mbichi, nikaitia moja kwa moja kwenye maziwa yanayopata moto. Nageuka kuchukua asali, nageuka tena, maziwa yamekatika. Madonge meupe juu, maji ya kijani kijani chini. Nikasema labda maziwa yalikuwa mabaya. Nikafungua mengine, mapya kabisa, nikarudia. Yakakatika tena! Shemeji mkubwa akaja jikoni akakuta sufuria mbili, akauliza kwa upole kama natengeneza jibini.

Hadi leo sijui nilikosea wapi.

Mzee wa Chujio

Pole mwanangu. Hukukosea maziwa, ulikosea mpangilio. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na kinafanya kazi kwa bidii zaidi maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Yaani ulikipa mazingira kinayoyapenda. Wapo wanaotumia jambo hilohilo makusudi kugandisha maziwa yawe kitindamlo.

Dawa yake nyepesi. Tangawizi ichemshe kwanza kwenye maji kidogo, dakika tano au zaidi, ichemke kwelikweli. Kimeng'enya kinakufa kwa joto. Maziwa yafuate baadaye. Na chungwa, limau au juisi ya tufaha usivichanganye na maziwa kabisa, hapo ni asidi inayokata, kuchemsha hakusaidii.

Binti Shada

Miaka miwili nimebeba lawama za bure! Asante sana mzee wangu. Kesho shemeji anapigiwa simu.

Kijiko Cha Mwisho

Jibini imenimaliza 😂

Bwana Balbu

Nimesoma yote, mada ina mapambo pia lakini naona tumebaki jikoni. Niingie na langu, maana ndiyo kazi yangu.

Watu wanapamba kisha wanawasha taa nyeupe ya darini. Umemaliza kazi hapo. Umeiua mwenyewe. Jani la rangi ya kutu chini ya taa nyeupe linakuwa rangi ya udongo uliokufa, na kinywaji kizuri cha tufaha kinaonekana kama maji ya kuoshea brashi.

Angalia boksi la balbu, kuna namba yenye herufi K. Mwanga wa mshumaa uko karibu 1900. Balbu ya 2700 ni ya njano tulivu, hiyo ndiyo unayoitaka sebuleni. Ya 4000 ni ya ofisini. Ya 6500 ni mchana wa mawingu, kaiweke gereji. Watu wanadhani namba kubwa ndiyo mwanga mkali, sivyo. Hiyo ni rangi ya mwanga. Ukali unausoma kwenye lumeni.

Boksi likiwa na CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, chukua ya 90 kwenda juu. Chini ya hapo wekundu unafifia, na msimu huu bila wekundu umebaki na nini?

Kisha zima ya darini. Weka taa mbili au tatu ndogo, za chini, kwenye pembe: moja nyuma ya kiti, moja kwenye rafu, moja karibu na pale utakapoweka vikombe. Kivuli ni pambo. Nyumba iliyomulikwa kila kona haina msimu.

Mama Sufuria

Bwana Balbu, nimekwenda kuchungulia balbu yangu. 6500. Naomba msinicheke.

Bwana Balbu

Hatucheki. Tunakuombea.

Dada Foronya

Kuhusu rangi, nami niseme moja. Rangi ya chungwa isiwe kila mahali. Ukiweka mito ya chungwa, pazia la chungwa, maboga ya chungwa, chumba kinapiga kelele. Mimi nachukua damu ya mzee iwe ya msingi, hudhurungi ipoze, halafu haradali kidogo, kidogo kweli, foronya moja au mbili. Chungwa naliachia machungwa yenyewe.

Na kubadilisha foronya ndiyo pambo rahisi kuliko yote. Mto ni uleule, unauvisha nguo nyingine.

Sina Oveni

Hayo machungwa ya kukausha mnayaningʼiniza vipi? Nimeona watu wana nyuzi za vipande vya machungwa dirishani, vinang'aa kama vioo.

Binti Shada

Hapo ndipo nilipo, jina langu linasema.

Chungwa likatwe vipande vya nusu sentimita. Vyembamba zaidi vinanata kwenye trei na kuchanika, vinene zaidi havikauki katikati. Kisu kiwe kikali, kisu butu kinaponda vijumba vya maji na kipande kinapoteza kioo chake. Toa mbegu kwa ncha ya kijiti. Sasa hatua ambayo wengi wanairuka: panga vipande kwenye taulo safi, funika na taulo jingine, gandamiza kwa kiganja. Maji utakayotoa pale yanakupunguzia karibu saa nzima.

Oveni nyuzijoto 90 hadi 100, si zaidi. Vipande viwe juu ya waya, hewa ipite chini. Saa tatu hadi nne, na kila saa unavigeuza. Mlango wa oveni acha uwazi wa kijiko cha mbao ili mvuke utoke. Utajua vimeiva ukigusa katikati: havinati, ila bado vinakunjika kidogo. Vitakauka vyenyewe vikipoa.

Mara ya kwanza nilikuwa na haraka nikapandisha hadi 150. Sukari ya chungwa ikaungua, vikatoka vya kahawia kama ngozi ya kiatu. Nilivitundika hivyohivyo, mume wangu akauliza kama ni uyoga.

Uzi upitishe karibu na ganda, si katikati ya nyama, katikati panakatika. Vitundike mahali jua la jioni linapopita. Saa kumi na moja jioni, kipande kimoja kinaweza kuangusha duara la rangi ya asali ukutani, na duara hilo linapanda ukutani polepole kadiri jua linavyoshuka.

Kijiko Cha Mwisho

Uzi ndani ya uzi. Na joto nalo ni nyuzi. Kiswahili kimetufunga.

Sina Oveni

Dada, mimi naitwa Sina Oveni.

Binti Shada

Jamani, samahani 🙈 Hewa kavu na jua vinatosha, ila ni siku nyingi, na hali ya hewa ikiwa ya unyevu vitaota ukungu kabla havijakauka. Kwako nashauri chungwa zima la karafuu. Halihitaji moto.

Chukua chungwa lenye ganda nene. Toboa vishimo kwa kijiti cha meno, kisha chomeka karafuu. Usiruke hatua ya kutoboa. Mimi nilisukuma kwa kidole gumba, kufikia karafuu ya arobaini ncha ya kidole ilikuwa imekufa ganzi. Karafuu zikaribiane, ndizo zinazolinda chungwa lisioze, mafuta yake yana nguvu dhidi ya vimelea. Liviringishe kwenye unga wa mdalasini (hapa sasa unga unaruhusiwa), liweke kwenye bakuli pakavu, ligeuze kila siku. Wiki mbili hadi nne linanywea, linakuwa gumu na jepesi kama mpira wa mti. Likianza kulainika na kunuka divai, karafuu zilikuwa chache. Tupa, anza upya.

Mkosoaji

Mimi swali langu ni moja. Ninapoishi miti haipukutishi. Sasa mnataka niigize nini? Na mnaita msimu gani, vuli? Vuli ni mvua.

Dada Foronya

Ndiyo maana mleta mada ameandika msimu wa majani kupukutika, wengine wanaita mapukutiko. Na wenyewe huo msimu haufanani tarehe: upande wa kaskazini mwa dunia ni Septemba hadi Novemba, kusini ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo hata ukitaka kuigiza, chagua utaigiza wa nani.

Utani pembeni. Mdalasini hauulizi mti wako umepukutisha au la. Unachokitafuta ni jioni yenye harufu, mwanga wa chini na kikombe cha moto mkononi. Kama huna majani mekundu, weka tawi kavu lenye umbo zuri kwenye chupa ya kahawia. Maganda ya mbegu. Nyasi ndefu zilizokauka. Mimi tawi langu moja lina mwaka wa tatu, nalipangusa vumbi tu.

Mkosoaji

Tawi naweza.

Mwanafunzi wa Mimea

Kwa wenye majani halisi. Ukiyaokota yakiwa tayari yamekauka, yatavunjika ndani ya siku mbili. Yachume au uyaokote yakiwa bado laini, ndipo gliserini itaingia. Gliserini sehemu 1, maji sehemu 2, kwenye sinia lenye kina kidogo. Zamisha majani, yawekee sahani juu yasielee, siku mbili hadi sita. Yatoe, yapanguse kwa kitambaa chenye tone la sabuni. Yanabaki laini miezi na miezi, unaweza kuyakunja. Rangi inakolea kidogo, ya njano inaelekea kahawia, hilo lijue mapema.

Wekundu na unjano wa jani havitoki mahali pamoja. Unjano ulikuwemo humo muda wote, umefunikwa na kijani. Mti ukianza kufunga mirija ya majani, klorofili, yaani ile rangi ya kijani, inavunjika na ule unjano unajitokeza. Wekundu wenyewe unatengenezwa upya, kutokana na sukari iliyonasa ndani ya jani. Ndiyo maana mwaka wenye siku za jua na usiku wa baridi isiyogandisha unatoa majani mekundu sana, na mwaka wa mawingu unatoa yaliyopauka kwenye mti uleule.

Paka Wawili

Naomba niwe mkorofi kidogo kwa faida ya wote. Mishumaa na majani makavu msiviweke pamoja. Picha zinapendeza, lakini ile ni kuni. Mshumaa uwe ndani ya glasi iliyouzidi urefu, utambi uupunguze ubaki kama milimita 6 kabla ya kuuwasha, na uuzime ukitoka chumbani. Ndani ya boga lililochongwa weka taa ya betri.

Na wenye paka: mafuta ya kunukiza ya mdalasini, karafuu na machungwa, yale ya kudondosha kwenye kifaa cha mvuke, ni hatari kwao. Ini la paka haliwezi kuyavunja ipasavyo. Harufu ya sufuria ya Mama Sufuria ni nyepesi zaidi, lakini dirisha liwe wazi kidogo na paka awe na chumba cha kukimbilia. Wangu wanakimbilia kabatini, kwenye mashuka meupe.

Baba Mapacha

Watoto wangu wanataka nao wakae mezani na vikombe. Kahawa siwapi. Hiyo ya tufaha inawafaa?

Mama Sufuria

Inawafaa, iwe vuguvugu na uichanganye nusu kwa nusu na maji ya moto, juisi peke yake ina sukari nyingi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, hata iliyochemshwa. Chokoleti ya moto yenye mdalasini nayo wanaipenda. Koroga kakao na maji kidogo mpaka iwe uji mzito kwanza, ndipo maziwa, la sivyo itaelea madonge.

Wape kazi pia. Wangu ndio wanaochomeka karafuu kwenye machungwa. Wanaandika herufi za majina yao.

Mzee wa Chujio

Kwa kuwa watoto wametajwa. Mdalasini uko wa aina mbili madukani. Ule mnene, kigome kimoja kigumu kilichojikunja, ni kasia. Ule wa Ceylon ni mwembamba, tabaka nyingi zimeviringishwa kama sigara, unauvunja kwa vidole. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali yake ya asili, na kumarini ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuliletea ini matatizo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kikombe cha mara moja moja hakina neno. Anayekunywa kila siku msimu mzima, na hasa mtoto mwenye kilo zake 15, apewe wa Ceylon.

Kwa sufuria ya kunukiza tumia kasia. Ina sauti kubwa zaidi.

Mpenda Kahawa

Nimerudi. Shira ya boga imekubali. Nimechuja kwa kitambaa kama ulivyosema, mzee, na rangi imetoka kama kaharabu. Kahawa ya kwanza nilitia vijiko vitatu, ikazidi utamu. Viwili ndiyo yenyewe. Makapi ya boga yaliyobaki kwenye kitambaa nimeyala kwa kijiko nikiwa nimesimama.

Dada Foronya

Na boga zima la mapambo, msilikate mapema. Likichongwa lina siku chache tu, mara nyingi halimalizi wiki. Lisilokatwa, mahali pakavu na baridi, linakaa mwezi, miwili, hata zaidi. Lipanguse, liwekee kipande cha boksi chini, na usilibebe kwa kikonyo. Kikonyo kikikatika, uozo unaingilia hapohapo.

Sina Oveni

Mrejesho: matufaha yaliyonywea yametoa lita moja na nusu, yote imekwisha. Chungwa la karafuu lipo mezani, siku ya pili. Sufuria ya pili niliiacha jikoni inanukiza nyumba, nikakaa kusoma uzi huu tangu mwanzo. Nilipofika kwa Paka Wawili nikaanza kusikia harufu nyingine.

Maji yalikuwa yameisha. Chungwa limekuwa mkaa. Sufuria chini imekuwa nyeusi tii, na nyumba inanuka kama kuna aliyechoma ufagio.

Mama Sufuria

Pole jamani. Usiikwangue kwa chuma. Maji vidole viwili, magadi ya kuokea vijiko viwili vikubwa, ichemke taratibu dakika 15, uizime ilale hivyo hadi asubuhi. Tabaka jeusi litainuka lenyewe. Fungua madirisha yote. Na siku nyingine weka kengele kwenye simu kila nusu saa.

Sina Oveni

Simu ndiyo niliyokuwa nasomea uzi.